Julai ya Adeni

Kwa kuwa nimefundisha jiografia miaka mingi, watu huniuliza ni miezi gani inayofaa kwa safari ya mji fulani wa ng'ambo. Hukawia kujibu, na wengine hudhani najifanya mjuzi. Swali hilo nililijibu mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, nyumbani kwetu Bofu, Likoni, na jibu langu lilikuwa sahihi.

Baba alikuwa karani wa bohari katika bandari ya Adeni. Aliondoka nikiwa na miaka tisa. Likizo yake ilikuwa ya siku kumi, haikutosha kuja Mombasa na kurudi kwa meli, kwa hiyo tuliishi naye kwa barua. Mama hakujua kuandika. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua za mumewe na kuzijibu. Mwaka wa uhuru, mvua za masika zilipokuwa zikimalizika, baba aliandika kwamba ametafakari, na kwamba mwezi mzuri wa mama kumtembelea ni Julai. Hakueleza sababu.

Mama hakuona haja ya sababu. Kwetu Julai ni kusi: usiku watu hujifunika, mchana upepo hupeperusha leso kambani. Alivuka kivuko akaweka nafasi ya sitaha kwa wakala wa meli, akashona kanzu mbili, akatia achari ya maembe mabichi katika chupa. Jirani yetu, mjane aliyekuwa akipika mahamri, alikuwa akija kila alasiri kulitazama sanduku.

"Ukifika huko, shoga, niangalizie na mimi mume," alisema. "Lakini mwenye meno yake mwenyewe."

"Nikikupatia utamlisha nini? Mahamri yaliyolala?"

"Atakula alichokikuta, kama walivyokula wenziwe."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu baba aondoke.

Wiki hiyo nilikutana na Adeni darasani. Katika kitabu chetu mlikuwa na jedwali la joto la miji, na mji wa baba ulikuwamo: pwani ya jangwa, mvua ya kuhesabika matone, na Juni na Julai ndiyo miezi ya moto kuliko yote. Kupoa kwake kulikuwa Desemba na Januari, wakati ambao sisi huku tunaungua. Nikamfikiria mama. Kaskazi iliyopita mama alianguka jikoni kwa joto, na daktari alimwonya kwamba moyo wake hautalistahimili tena.

Nilimkuta ukumbini na jirani yake.

"Mama, Julai usiende."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Huko miezi yao ni kinyume cha yetu. Julai ndiyo joto kali. Kunapoa Desemba."

Jirani alipiga kofi. "Haya! Jua la Mungu ni moja, leo limekuwa la kwao na la kwetu!"

Mama hakucheka. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu mzima. "Una hakika?"

"Wallahi, mama. Nimesoma kitabuni."

"Basi mwandikie babako Desemba."

Niliandika kwa mwandiko wangu bora kabisa, na nikanakili hata zile nambari za jedwali, ili baba aone binti yake anasoma. Mama akavuka tena kwenda kuirudisha nafasi yake.

Jibu lilitufikia siku nne baada ya meli kuondoka. Nalikumbuka neno kwa neno, kwa kuwa nililisoma mara nyingi. "Najua Julai ni moto. Wenzangu watatu wa chumbani huukimbia, huenda makwao milimani, na chumba hubaki changu peke yangu. Desemba tunakuwa wanne. Sikulisema hilo la joto nikichelea mtaahirisha. Nimekwisha kununua pazia la dirisha. Mwambie mama yako aje hivyo hivyo."

Ilinijia kuiruka mistari hiyo. Sikuiruka. Mama alisikiliza huku akitazama mikono yake, kisha akasema, "Soma tena hapo pa pazia."

Nikasoma tena. Hakunilaumu, si siku ile wala baadaye, na ningalifarijika kama angalinilaumu. Meli iliyofuata ingemfikisha wenzake baba wakiwa wamekwisha kurudi. Baba alitafuta chumba kingine asipate. Akaandika tusubiri Julai ijayo, inshallah. Kabla ya Julai hiyo alihamia bandari nyingine, mbali zaidi, na barua zake zikapungua hadi zikawa za Idi tu, kisha zikakoma.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni Desemba yenyewe, ile niliyoichagua. Ilikuwa wiki ya uhuru. Likoni nzima ilivuka kwenda kisiwani kutazama gwaride, na jirani alinichukua pamoja naye. Mama alisema angebaki nyumbani. Nilirudi alasiri na bendera ya karatasi mkononi, nikamkuta ameketi sakafuni mbele ya sanduku lililo wazi, kanzu mbili mapajani, jasho likimtiririka shingoni. Joto la siku ile lilikuwa la kukausha mate. Alikuwa akijipepea kwa kipepeo cha jikoni.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Leo Adeni kumepoa?"

Nililiona lile jedwali machoni mwangu, safu ya mwisho, nambari iliyo ndogo.

"Kumepoa, mama."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa habari njema ya watu wengine. Akazikunja kanzu upya, mikono ndani, akazirudisha mahali pake na kulifunga sanduku.