Kuacha ao Kuhama

Juzi, katika farmasi moja karibu na soko la Kasongo, mbele yangu alisimama dereva wa pikipiki, sigara kaichomeka nyuma ya sikio, akiomba dawa ya kikohozi. Muuzaji, mama mwenye miwani, akamwelekezea kalamu sikioni. "Kikohozi yako iko pale."

"Niko najaribu kuacha, mama," akasema dereva. "Nasikia Bukavu iko bonbon ya nikotini. Unamumunya tu, moshi hapana."

"Huku haijafika."

Kwenye benchi, mama mzee mmoja akacheka. Akafungua fundo la kikwembe chake, akatoa kopo dogo la ugoro, akagonga kifuniko mara mbili kwa kidole. Moyo wangu ukaruka hadi Wamaza, nilikolelewa. Hivyo hivyo ndivyo bibi yangu alivyogonga kopo lake kila jioni, huku babu akitujazia nyumba moshi wa kiko, na sisi wajukuu tukikohoa mpaka usingizi utuchukue.

Dereva akanyoosha mkono aonje. Mama mzee akafunika kopo. "Weye, unataka kuacha, ao unataka kuhama tu, utoke kwa moshi uingie kwa ugoro?"

Muuzaji akamjibia. "Ugoro nayo iko na ubaya yake, mama. Lakini mutu nyumba yake ikiwaka moto, ahame kwanza."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka nusu. Babu aliacha kiko kila Kwaresima, akakirudia kila Pasaka, mpaka tukamzika nacho. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu anaweza pia kuhama.