Kura ya Pili ya Uhuru wa Ghorofa ya Chini

Mwishoni mwa mwaka 2005 niliteuliwa kuwa mkuu wa mikakati katika kampeni ya kudai uhuru. Sifa yangu ilikuwa moja tu: chuo kikuu nilisoma sayansi ya siasa. Shahada hiyo ilikuwa haijanifaa kitu tangu nifike Minnesota. Kwenye hoteli ya Bloomington nilikokuwa nikiwapokea wageni waliotoka uwanja wa ndege, hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mgawanyo wa madaraka. Waliuliza kifungua kinywa kinaanza saa ngapi.

Taifa letu lilikuwa ghorofa ya chini ya kanisa la Wamarekani, Saint Paul. Tulikuwa Watanzania na Wakenya, tukisali kwa Kiswahili kila Jumapili saa nane mchana, baada ya wenyeji kumaliza ibada yao huko juu, wakanywa kahawa yao na kwenda zao. Wenyeji hao walikuwa watu wema, na hapo ndipo penye shida. Ni kazi ngumu kumhamasisha mtu adai uhuru wakati mkoloni wake humwachia keki mezani.

Hata hivyo malalamiko yalikuwepo. Kidude cha kurekebishia joto kilifungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki, na ufunguo alikuwa nao mtunza jengo, mzee wa Kimarekani asiye na maneno mengi, ambaye alipunguza joto mara tu wenyeji walipoondoka. Tulihubiriwa tukiwa na makoti. Jikoni tuliruhusiwa kuchemsha maji tu, tangu siku ile pilau yetu ilipoamsha king'ora na gari la zimamoto likafika tukiwa katikati ya maombi.

Basi baadhi yetu tukataka kujitenga, tukodi jengo letu na kuwa usharika unaojitegemea. Kura ya kwanza ilipigwa majira ya baridi yaliyotangulia, nasi tukashindwa vibaya. Aliyetuongoza alikuwa Mkenya, muuguzi wa Coon Rapids, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Alisimama akahutubia juu ya heshima ya Mwafrika mpaka watu wakapiga makofi. Makofi yalipotulia, mama mmoja Mtanzania kutoka Inver Grove Heights, mtu mzima ambaye sote tulimwita Shangazi, akanyoosha mkono taratibu.

"Na theluji atazoa nani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kampeni nzima ya upande wa pili. Kila Jumapili tulikuta njia imeshasafishwa na chumvi imeshamwagwa, na hatukuwahi kujiuliza ni nani anayefanya hivyo. Watu wakatazama viatu vyao, kisha wakapiga kura ya kubaki.

Safari hii tuliamua kutumia akili. Kule Kenya walikuwa wametoka kupiga kura ya katiba kwa alama za ndizi na chungwa, kwa hiyo muuguzi akashikilia kwamba nasi lazima tuwe na alama, la sivyo watu "wata-confuse". Tukachagua ufunguo. Upande wa Shangazi haukuwa na kamati, haukuwa na mkutano, wala haukuonekana kujua kwamba ni upande, hivyo tukawachagulia alama sisi wenyewe: kikombe cha kahawa. Tulikusudia kejeli. Shangazi akasema kikombe ni kizuri, ahsanteni.

Kwenye kikao cha kwanza, sebuleni kwa muuguzi, nilieleza mkakati wangu. Waliokwisha kuamini tuwaache, hao ni wetu. Tuwafuate waliosema hapana, tena tusiende kuwahubiria, tukawasikilize. Mimi mwenyewe nikaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba. Nilinywa chai nyingi sana. Mhasibu mmoja, Mtanzania mwenzangu, alinijibu kwa upole mno: "Ndugu yangu, wiki nzima kazini ninaamua mambo. Jumapili nataka aamue mtu mwingine." Vitabu vyangu vya chuo vilieleza kwa kirefu habari za watu wanaokandamizwa, lakini juu ya watu waliochoka havikusema kitu.

Wengine wote walirudi pale pale, kwenye theluji. Nikaitisha kikao tena.

"Tutajibu kwa vitendo," nikasema. "Kuanzia Jumapili hii mpaka siku ya kura, theluji tunazoa sisi. Watu waone kwa macho yao."

Muuguzi alinitazama kama mgonjwa aliyeanza kuweweseka. "Unataka tu-campaign na beleshi?"

"Ndiyo."

"Watu wata-think sisi ni vibarua."

"Wafikirie watakavyo. Ila hakuna atakayeuliza tena nani atazoa."

Jumapili hiyo tulifika asubuhi, kabla hata ya wenyeji. Mtunza jengo alitukuta tumeshaanza. Alisimama mlangoni na beleshi lake, asijue aifanyie nini mikono yake, kisha akarudi ndani. Tulisafisha ngazi, njia na sehemu ya kuegesha magari. Muuguzi, ambaye hajui kufanya jambo nusu nusu, aliendelea mpaka mbele ya nyumba za majirani, akiwasalimia wapita njia kama mgombea ubunge. Jumapili zilizofuata tulirudia vilevile. Mchana wenzetu walipofika, tulihakikisha wanajua ni kazi ya nani.

Mkakati ulifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Waliokuwa wakitukwepa wakaanza kutusubiri mlangoni watupe mkono. Mhasibu alikuja na beleshi lake mwenyewe. Nilihisi, kwa mara ya kwanza tangu niondoke Dar es Salaam, kwamba wazazi wangu hawakunisomesha bure. Siku moja Shangazi aliniletea chai ya tangawizi pale nje.

"Kazi nzuri, mwanangu."

"Kwa hiyo kura yako tunayo, Shangazi?"

"Nimesema kazi nzuri."

Jumapili moja kabla ya kura, mchungaji wa Wamarekani aliteremka kwenye ibada yetu akiwa na mtunza jengo. Aliomba mtu wa kutafsiri, nami, kwa kuwa nilikuwa mbele, nikasimama. Akasema usharika wake umeguswa sana. Mzee huyu, akasema, aliumia mgongo tangu wakati wa majani kupukutika na hakumwambia mtu, kwa kuogopa wataona amezeeka. Kila Jumamosi alikuwa akiomba theluji isianguke. Halafu asubuhi moja akafungua mlango, akatukuta.

Nikatafsiri. Mchungaji akaendelea. Wazee wa kanisa wamekaa na kuamua kwamba jiko ni letu sawa na lao, na kwamba feni ya kutoa moshi imeshaagizwa, maana wanatamani kuonja ile pilau. Nikatafsiri hayo pia. Nilitafsiri kila neno kwa Kiswahili fasaha, nikiisikia kampeni yangu ikifa kwa sauti yangu mwenyewe. Mwisho yule mzee akatoa mfukoni ufunguo wa kisanduku cha joto, akampa muuguzi, naye akaupokea kwa mikono miwili. Watu wakashangilia. Muuguzi akaniinamia sikioni.

"Ndugu, tumekwisha."

Tulishindwa vibaya kuliko mara ya kwanza. Hata ndani ya kamati yetu kulikuwa na waliochagua kikombe. Wiki chache baadaye tukiwa garini, muuguzi aliniambia kwamba hata yeye alikuwa mmoja wao.

"Ningefanya nini? Mzee ana mgongo."

Wamarekani hawakujua kamwe kwamba huko chini ilipigwa kura ya kuwaacha, wala hatukuona sababu ya kuwasumbua. Mimi nikafanywa mwenyekiti wa kamati ya theluji, cheo kikubwa kuliko vyote nilivyopata kwa shahada yangu.

Uhuru ulikuja miaka michache baadaye, bila mkakati wa mtu. Wenyeji walikuwa wakizeeka na watoto wao walihamia mbali. Huko juu, bila sisi kujua, nao walipiga kura yao: wakaamua kujiunga na usharika mwingine na kutuachia jengo. Mchungaji alipotutangazia, Shangazi alilia waziwazi. Muuguzi akaguna kwamba mkoloni anapoondoka angalau angengoja afukuzwe.

Wachache kati yao walikataa kuhama, na mtunza jengo alikuwa miongoni mwao. Husali nasi sasa, huko juu, ingawa Kiswahili hajui. Shangazi hukaa kando yake na kumtafsiria. Jumapili moja nilikaa nyuma yao wakati mhubiri mgeni alipozama katika safari za Mtume Paulo, bandari kwa bandari, karibu saa nzima. Shangazi alisikiliza yote kwa makini, kisha akamnong'oneza mzee kwa Kiingereza chake: amesafiri sana, amefika salama. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika.