Mama Yangu, Yaya Wao

Kutoka Kigali mpaka mpakani mwa Kongo rafiki yangu alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma kabisa, na mtu yeyote katika basi lile angeapa kwamba hatujuani. Tulikuwa na miaka kumi na sita. Tumekulia jengo moja Dar es Salaam, wao ghorofa ya juu, sisi chini, na mama zetu wote wawili ni wa Bukavu. Ila tangu mwaka uliotangulia hatukuwa tukisemeshana, na sababu ilikuwa neno moja.

Mama yake alimwita mama yangu "yaya". Barabarani alisema "dada", lakini jikoni, wakimenya viazi, ilikuwa yaya hivi, yaya vile. Na yaya, kwa sisi tuliokulia Dar, ni mtu anayelipwa kulea watoto wa wengine. Nilipomuuliza mama, alijibu kwamba ndivyo walivyozoeana, akanituma chumvi. Basi siku tuliyogombana darasani juu ya kitu cha kipuuzi, nadhani nafasi ya kukaa, rafiki yangu alinimaliza mbele ya wote: "Usijione! Mama yako alikuwa yaya wetu kule Bukavu. Wageni wetu walimkuta huko akifua." Darasa likaangua kicheko.

Bibi yake wa Bukavu ndiye aliyepiga simu akitaka tuje likizo ya Juni, tena wote wawili. Nilimwambia mama siendi kutumikia watu. Aliendelea kukunja nguo zangu na kuzipanga begini. "Nenda," alisema. "Kuna baridi, sweta hii hapa." Nikaenda, nikiwa na shabaha moja tu: kujua kama ni kweli, na kama ni kweli, kwa nini nilichekwa na darasa zima kabla mama hajaniambia mwenyewe.

Nyumba yao iko mtaa wa Nguba, Bukavu, kwenye mteremko wa kuelekea ziwani. Bibi, ambaye wote walimwita Koko, alinishika uso kwa mikono miwili. "Iko na pua yake," alisema, bila kusema ya nani. Sikupenda. Nilidhani ananikagua kama mfanyakazi mpya.

Mchana tukakaa kula ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa lao, vimekaangwa vikakauka. Mjomba wa rafiki yangu, Tonton, aliishi pale na watoto wake. Binti mmoja mwenye miwani hakukaa. Alikuwa anagawa chakula, na wadogo hawakumpa nafasi ya kupumua: "Yaya, leta maji!" "Yaya, yangu ni kidogo!" Damu ilinipanda. Nikavuta kiti, nikamwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Dada, kaa ule. Yaya naye ni mtu."

Walinikodolea macho, kisha wakacheka mpaka Tonton akapaliwa. "Unazani iko mutumishi? Huyu ni mutoto yangu, anasoma université! Yaya ni mukubwa wako, mwenye alizaliwa mbele yako."

Rafiki yangu hakucheka. Tonge lilibaki mkononi mwake. Alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule, kisha akamgeukia bibi yake. "Koko, mama yangu ana mkubwa wake?"

Kicheko kikafa. Koko alinawa mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Njo maana niliwaita," alisema. Alinitazama mimi. "Mama yako iko yaya yao, ya Tonton na mama ya huyu. Bwana yangu alimuzala kule Kasha, mbele ya kunioa. Mama yake akafa, bwana akamuleta hapa. Nilikuwa bibi mupya, nilisikia haya. Bageni ba Tanzania bakikuya, banasikia batoto banaita yaya, banazani ni mutoto wa kazi. Mi sikusemaka kitu. Siku moja mugeni alimupatia nguo zake, afue. Akafua. Bwana yangu aliona, na yeye akanyamaza."

"Na mama alijua?" niliuliza.

"Alijua. Lakini alipenda baba yake sana, hakutaka asikie haya, akakataza na mudogo wake aseme."

Niliondoka mezani bila kuomba ruhusa. Nilikaa kwenye ngazi za nje zinazotelemka ziwani, nikalia kwa hasira. Sikumlilia mama wa sasa. Nilimlilia binti wa miaka yangu, aliyefua nguo za mgeni nyumbani kwa baba yake.

Rafiki yangu akaja, akakaa ngazi ya juu yangu. "Sikujua," alisema.

"Lakini ulifurahi kulisema."

"Nilifurahi." Alivuta kamasi. "Mama yangu akiwa na shida haji kwangu. Anashuka chini kwa mama yako. Nilikuwa naona wivu."

Upepo wa ziwa ulikuwa mkali, naye alikuwa na blauzi nyepesi ya Dar. Nikavua sweta, nikamrushia. Aliivaa bila kusema asante, na hapo nikajua tumeanza kupatana.

Koko akatufuata na simu yake. Alitaka kuzungumza na mama mwenyewe, lakini ilipoanza kuita akatunyooshea sisi. Rafiki yangu ndiye aliyeipokea. Mwaka mzima alikuwa akimpita mama yangu kwenye ngazi bila salamu, kichwa kimeinama.

"Mama mkubwa," alisema. "Shikamoo."

Kule Dar tulisikia honi, na mtu akitangaza bei ya machungwa.

"Nani amekuambia uniite hivyo?" mama aliuliza hatimaye.

"Koko. Yuko hapa, ametuambia yote."

Koko aliinama karibu na simu. "Mutoto yangu mukubwa," alisema, akaketi kwenye ngazi.

Mama alivuta pumzi ndefu. Nilimjua, alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Marahaba, wanangu," alisema. "Haya, mmevaa sweta? Na bibi yenu huyo, mfunikeni shuka, kifua chake hakipendi baridi."