Mwanamke wa Dirishani

Dada yangu, tunayemwita Mama Gemu, ana chumba cha kuchezesha gemu, lakini yeye mwenyewe hajacheza hata siku moja. Mteja akitoka, dada humzuilia viatu mpaka atoe maoni, kisha maoni hayo ndiyo anayowanasia wengine.

Gemu mpya ilihusu chombo kilichopotea angani. Fundi cherehani alisema inaboa mwanzoni. Kinyozi alisema giza lake linakaba koo.

"Ila Mama Gemu, yule mwanamke dirishani mwa chombo ni wewe mtupu," akaongeza kinyozi. "Hadi kitambaa chako hicho kilichoungua na pasi!"

"Niondolee uchuro wako hapa!" dada akacheka.

Nilimsihi akaangalie. Akanifokea kwamba yuko kazini.

Jana mchana dereva wa lori, mtu asiyejua kufunga mdomo, akawa wa kwanza kuimaliza. Alitoka kimya, jasho likimchuruzika.

"Haya, maoni!" dada akamdai, viatu mkononi. "Mwisho wake ukoje?"

Dereva alikitazama kile kitambaa kichwani kwa dada, machozi yakimlengalenga.

"Pole sana, mama," akasema, akaondoka pekupeku.