Mkata majani aliyewatafutia mbwa kiwanja

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande haujakauka kwenye majani, na Sikuzani Makungu anahangaika na kufuli jipya ambalo halijauzoea ufunguo wake. Nyuma yake wamesimama watu kumi na mmoja na mbwa kumi na wanne. Mbwa wanavuta kamba kwa nguvu zote. Wenye mbwa wanajifanya hawana haraka.

"Subirini," anawaambia kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Chake Chake, Pemba, bila kugeuka. "Nyinyi mna siku nzima. Mimi nina majani ya bustani nzima."

Kufuli linakubali. Lango la kwanza linafunguka, kisha la pili, kamba zinafunguliwa, na mbwa wale wanatimka kama wanafunzi walioambiwa mwalimu hayupo. Sikuzani amebana mgongo kwenye nguzo ya lango, mikono ameinyanyua hadi kifuani kama mtu anayevuka maji. Anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Msomaji asidanganyike na kicheko hicho. Mama huyu wa miaka arobaini na saba hajawahi kumgusa mbwa kwa hiari yake, wala hana mpango huo. Hata hivyo, ukiuliza katika bustani hii ya Hollin, mtaa wa Northfield, kusini magharibi mwa jiji la Birmingham, ni nani aliyewapatia mbwa mahali pa kukimbia bila kamba, wote watamnyooshea kidole yeye.

Sikuzani alifika Uingereza miaka kumi na saba iliyopita, akimfuata mumewe aliyekuwa akifanya kazi ghalani. Alianza kwa kufagia ofisi. Miaka tisa iliyopita akaajiriwa katika kikosi kinachotunza bustani za halmashauri: kukata majani, kupunguza ua, kuokota taka, kufungua na kufunga malango. Analipwa pauni kumi na tatu na ushei kwa saa, na kodi ya nyumba inameza karibu nusu yake.

"Majira ya baridi ya kwanza nililia," anasema. "Mikono ilikufa ganzi, mashine inanishinda nguvu, na wenzangu wote wanaume. Nikajiambia, Siku, jikaze kisabuni. Sasa mtu akiniambia nirudi ofisini kufagia, namwona hanitakii mema."

Anachokipenda kuliko vyote ni uwanja mmoja mpana katikati ya bustani, karibu na vyumba vya kubadilishia nguo vya wacheza mpira. Waingereza hawakuupa jina. Familia za Kizanzibari, za Mombasa na za Wasomali waliokulia Nairobi wanauita Tambarare, na kila Jumapili ya jua wanatandika mikeka pale. Hufika na chupa za chai, sufuria za biriani zilizofungwa kwa taulo, na watoto wanaosikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Ikifika alasiri, watu hutawadha kwenye bomba lililo ukutani, kisha husali palepale.

Kwa watu hawa Tambarare si majani tu. Ukumbi hukodishwa kwa saa, na nyumba zao ni ndogo. Wajane wawili waliniambia kwamba wiki nzima hawasemi Kiswahili na mtu yeyote isipokuwa Jumapili ile. Mwaka jana, mwezi wa tisa, nusura waipoteze, na kosa lilikuwa lao wenyewe.

Mambo yalianza na kadi. Halmashauri ilikuwa ikipanga upya bustani ya Hollin: viti, njia za baiskeli, na eneo lenye uzio ambamo mbwa wataachiwa huru. Kadi ya kuomba maoni ilitumbukizwa katika kila nyumba. Mbele ilikuwa na picha ya mbwa mkubwa mwenye ulimi nje.

Katika nyumba za Kizanzibari kadi ile haikumaliza dakika. Bi Asmahan, fundi cherehani wa miaka sitini na mitatu ambaye ndiye kiongozi wa kina mama wa Tambarare, anakiri kwamba aliishika kwa ncha za vidole na kuitia kwenye pipa. Alidhani ni mambo ya wenye mbwa. Wenzake nao walidhani hivyohivyo, na wakaambizana kwa simu kwamba ile kadi si yetu.

Sikuzani naye hakuisoma. Hilo analisema akiinamisha uso. Kila siku alikuwa akipita na mashine yake mbele ya ubao wa matangazo ambapo ramani ilibandikwa, na hakusimama hata siku moja.

Kisha asubuhi moja akakuta vigingi vya rangi ya machungwa vimechomekwa Tambarare, kona hadi kona. Ndipo aliposoma ule ubao. Maoni yalikuwa yamekwisha kufika mia mbili na kumi na manne, karibu yote ya wenye mbwa, na wengi walitaka Tambarare kwa sababu ni pakavu na pana bomba la kuwanyweshea mbwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyeandika kwamba kuna wanaosali pale. Zilikuwa zimebaki siku tisa maoni yafungwe.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sikuzani anasema siku ile ndipo alipoielewa methali hiyo.

Habari zilipofika kwa kina mama, moto ukawaka. Bi Asmahan, ambaye akikata shauri hata cherehani yake hutii, alizunguka nyumba kwa nyumba, na katika siku tatu akawa na sahihi mia tatu chini ya karatasi yenye maneno mafupi: hatutaki eneo la mbwa katika bustani yetu. Akaitisha mkutano katika ukumbi wa jamii ili karatasi isomwe na ipelekwe.

Sikuzani alikwenda. Msimamizi wake alikuwa amemkumbusha kwamba mfanyakazi haruhusiwi kushabikia upande wowote akiwa ndani ya sare. Basi alivua fulana yake ya kung'aa mlangoni, akaikunja, akaikalia, na zamu yake ilipofika akasimama kama mkazi wa kawaida.

"Bi Asmahan, nisamehe, wewe ni mkubwa wangu," alisema. "Lakini sie tunalalamika kila Jumapili kwamba mbwa wanapita juu ya mikeka. Kwa nini wanapita? Kwa sababu hawana pa kwao. Uzio ndio unaomzuia mbwa, na karatasi hii inaukataa uzio. Tukishinda kwa hii, tutakuwa tumewaachia bustani nzima."

Mama mmoja akanong'ona kwamba huyu amenunuliwa na halmashauri. Bi Asmahan akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: wanataka Tambarare, basi waende wapi?

Sikuzani alikuwa na jibu, maana kwa miaka tisa alikuwa akilikata kila wiki mbili. Upande wa nyuma wa bustani kuna kiwanja cha zamani cha kubingirisha mipira, mchezo wa wazee wa Kiingereza ambao pale ulikufa pamoja na wachezaji wake. Kimezungukwa na ua mnene wa miti, kina malango mawili yanayofuatana, na hakuna aendaye huko isipokuwa yeye na sungura. Waliopanga mradi walikuwa wamekiacha kwa sababu kwenye ramani hakikuwa na maji.

"Maji yapo," anasema. "Chini ya mfuniko wa chuma, pembeni ya lango. Najua kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilijikwaa pale nikavunja jino."

Bi Asmahan aliichana ile karatasi yenye sahihi mia tatu mbele ya watu. Kina mama waliohudhuria wanasema hawajawahi kumwona akichana hata kitambaa kibovu.

Hata hivyo, wenye mbwa walikuwa wengi kuliko wao, na bila wao jambo lisingekwenda. Sikuzani alimjua mmoja tu. Kimani, dereva wa basi kutoka Nyeri, hupita bustanini kila asubuhi kabla ya zamu akiwa na mbwa wake mweusi anayeitwa Jembe. Kwa miaka minne walikuwa wakisalimiana kwa Kiswahili kutoka umbali wa hatua ishirini, umbali ambao Sikuzani aliupima mwenyewe.

Siku iliyofuata alimsimamisha na kumweleza yote. Kimani anasema alishangaa. "Mimi nilikuwa nimepigia hiyo Tambarare kura," aliniambia, akimtaja Sikuzani kwa jina la mwanawe, Maisara. "Sikujua huwa mnaomba hapo, manake Jumapili niko kazini. Nikamwambia Mama Maisara, si mngesema tu? Sisi tunataka mahali dogi itakimbia na inywe maji. Hatujaapa ni lazima iwe hapo."

Kimani akampigia simu Leyla, afisa mipango wa halmashauri aliyesimamia mradi. Leyla ni binti wa Kituruki aliyezaliwa hapahapa jijini, naye alikubali kufika zikiwa zimebaki siku nne. Wakakutana watatu kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, na wa nne akiwa Jembe.

Leyla alikuwa mpole lakini hakushawishika. Alieleza kwamba kuchimba bomba jipya kungekula bajeti, kwamba bomba la Tambarare lipo tayari, na kwamba watu na mbwa wangeweza kulitumia kwa zamu. Wakati anaeleza, kamba ikamponyoka Kimani. Jembe, ambaye kwa miaka minne alikuwa akimtamani mama huyu wa hatua ishirini, alimfikia kwa mruko mmoja na kumlamba mkono kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Sikuzani hakupiga kelele. Alitembea hadi kwenye kitalu cha maua, akachota konzi ya udongo, akaenda bombani, akajisugua kwa udongo na maji, kisha akaanza kusuuza huku akihesabu kwa sauti. Kimani alikuwa akiomba radhi kwa lugha tatu. Leyla alisubiri hadi hesabu ilipofika saba, ndipo akauliza kwa nini saba, na kwa nini udongo.

Akamweleza. Kwamba hamchukii mbwa, na huyu Jembe ana adabu kuliko watu wengi. Kwamba kwa madhehebu yao, mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, ndipo mtu aweze kusali. Kisha akamwonesha bomba. Jumapili watu sabini hutawadha hapa, wengine wazee. Bakuli la mbwa likiwekwa chini yake, hakuna atakayekuja tena. Hawatagombana na mtu. Wataacha kuja tu.

Leyla mwenyewe amekulia katika nyumba ya watu wanaosali, ila hukumu ile ya saba hakuwa ameisikia kwao. Alinihadithia kwamba aliona haya. "Ramani inaonesha bomba," alisema. "Haioneshi nani ananawa." Aliomba aoneshwe ule mfuniko wa chuma.

Uliinuliwa kwa sururu. Chini palikuwa na buibui, matope, na valvu iliyoshika kutu. Sikuzani aliizungusha kwa spana kubwa ya kikosi chake, ikakataa, akaizungusha tena, na maji yakaruka na kuwalowesha wote watatu. Anasema aliyefurahi kuliko wote ni Jembe, aliyekunywa palepale.

Siku nne zilizobaki zilikuwa za mchakamchaka. Bi Asmahan alizipitia upya zile nyumba zote, safari hii akiwa na simu ya binti yake na kiungo cha kujaza maoni. Wasiojua kuandika Kiingereza walisema kwa Kiswahili na wajukuu wakaandika. Kimani alisimama langoni siku mbili za mapumziko yake akiwaeleza wenye mbwa. Muda wa maoni ulipokwisha, maoni mapya mia mbili na sita yalitaka jambo moja: mbwa wapewe uzio, na uzio uwe kwenye kiwanja cha nyuma. Sitini na mawili kati ya hayo yalitoka kwa watu wenye mbwa.

Kamati ya halmashauri ilipitisha hivyo mwezi wa kumi na moja. Vigingi vya machungwa viling'olewa Tambarare, na aliyepewa kazi ya kuving'oa ni Sikuzani. Anasema hakuwahi kufanya kazi kwa furaha kama siku ile, ingawa mvua ilikuwa ikimpiga usoni.

Sasa ni mwezi wa nne, na kila asubuhi anawafungulia mbwa. Jembe ameanza kuzeeka lakini bado ana matumaini. Bi Asmahan, ambaye hakuamini mpaka aone, alikuja siku ya ufunguzi akasimama nje ya ua, akawatazama wanyama wale wakikimbizana, na akakubali kwa sauti ndogo kwamba kumbe nao wana michezo.

Nilipomuuliza Sikuzani sasa anataka nini, alitoa simu mfukoni akanionesha fomu. Kule Pemba, anasema, Idd husaliwa uwanjani, na kwa miaka kumi na saba amekuwa akiisali ndani ya kuta. Ameomba kibali Tambarare itumike kwa sala ya Idd Kubwa, watu mia tatu, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Jibu limekuja wiki iliyopita. Wamekubaliwa.

Kuna sehemu moja ya fomu ile iliyomchukua siku mbili kuijaza. Ilikuwa inauliza jina la mwombaji, na mwanzoni alitaka kuandika la Bi Asmahan, kisha la imamu.

"Miaka tisa nakata majani haya, wengine ndio wanaoyaombea ruhusa," anasema. "Harusi zao, mbio zao, sherehe zao. Mie nafungua lango, nafunga lango. Sasa nikaona, la, safari hii niandike langu."