Nusu Nilizomeza

Harufu ya kwinini, dawa ya malaria, iliyopondwa ndani ya maji ya ndizi mbivu naikimbia mpaka leo, na mimi sasa ni mzee wa meno manne. Tulikaa mji wa Muyinga, mtaa wa Waswahili, baba akishona kanzu barazani. Mimi na kaka yangu tulikuwa pacha: yeye Bukuru kwa kuwa alitangulia, mimi Butoyi. Kwetu pacha hawabaguliwi. Akikatiwa yeye shati, nami nakatiwa. Akichapwa yeye, fimbo inanifikia hata kama nilikuwa chooni, na mara nyingi kweli nilikuwa chooni. Baba alicheka: "Hawa ni mtu mmoja, ila anakula mara mbili." Nilisoma madarasa mawili tu, lakini hesabu hiyo niliielewa: peke yangu sikutimia.

Msimu ule wa mvua Bukuru akashikwa na homa. Muuguzi alimfungia mama vidonge kwenye karatasi. "Mama Bukuru, hii yote iko ya mgonjwa. Amalize yote, umesikia?" Mama akaitikia. Nyumbani, bibi akamgeukia: "Utampa mmoja, mwenzake aangalie? Unataka kuwazika wote wawili?" Mama akachukua wembe ambao baba alifumulia nyuzi, akakata kila kidonge katikati, akaponda ndani ya maji ya ndizi. Nusu yake, nusu yangu, mimi ambaye nilikuwa sina hata mafua. Nilitaka kutema. Bukuru, akitetemeka mkekani, akanicheka: "Meza, we mwoga! Mi nimeshameza." Nikameza. Siku nne nilimeza. Ya tano, adhuhuri, akafa.

Simshtaki mama. Alifanya kile ambacho kila mama mwema wa mtaa ule angefanya. Yeye mwenyewe hakuwahi kulisema jambo hilo, nami sikuwahi kumuuliza, akaenda nalo kaburini. Nimeoa, nimezaa, nimehamia Gitega, watu wananiona mzee aliyekamilika. Wanakosea. Umri wote huu nimeuishi kwa dawa ya mtu mwingine, na haukunijaza.

Juzi, hapa Musinzira, mtaa wetu wa Gitega, mke wa mwanangu alikuwa anampa dawa mmoja wa pacha wake. Yule mzima akaanza kulia, naye anaitaka. Mkwe hata hakugeuka. "Acha, we hauumwi," akasema, akafunga chupa. Mtoto akalia kidogo, kisha akatoka kucheza uani. Nikabaki nimekaa pale. Kumbe bei ya dawa nzima ilikuwa kulia kidogo tu.