Seli Zenye Mikono

Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi na hakutaka kusikia habari za upasuaji. Wanawake wa kikundi chake cha kanisa, hapa mtaani Umoja, walikuwa wamemwambia kwamba kansa ikiguswa na kisu inaamka na kutawanyika. Jumamosi moja nilifoka, nikagonga meza, nikawaita wale wanawake majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Mama akaendelea kuchambua ndengu kana kwamba ni redio tu iliyokuwa ikipiga kelele.

Dada yangu, kitindamimba wetu, hakugombana na mtu. Anafanya kazi maabarani, anakuza seli za kansa kwenye visahani, na kwa miaka mingi nilimtania kwamba anafuga wadudu. Jumamosi hiyo alivuta kigoda, akakaa kando ya ungo na kuanza kuchambua pia.

"Mama, seli isiyo na ugonjwa ikibanduka mahali pake, inakufa. Isiposhika kitu inajimaliza yenyewe."

"Na ya kansa?"

"Nyingi pia zinakufa. Lakini kuna zile zikibanduka zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Ziko na gundi kwa nje. Hiyo gundi ikishika jirani, inatuma habari ndani ya seli: usife."

Mama akasimamisha vidole. "Gundi haitumi habari. Huo ni mkono."

Dada yangu alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema amesoma miaka yote hiyo na hakuna mwalimu aliyempa neno zuri namna hiyo. Niliwaonea fahari wote wawili, na wivu kidogo.

Kisha Mama akauliza swali nililokuwa nikiliogopa. "Daktari akikata, hakuna zitakazobanduka?"

Nilitaka kusema hakuna. Dada yangu akanitangulia.

"Chache zinaweza, Mama. Siwezi kukudanganya. Lakini uvimbe ukikaa hapo, zitaendelea kubanduka kila siku, na hakuna wa kuzizuia. Daktari anataka kuutoa ungali mahali pamoja."

Mama alichambua mpaka ndengu zikaisha. Akazimimina kwenye sufuria, akasema, "Jumatatu mnipeleke."

Siku ya tatu baada ya upasuaji tulimkuta wodini ameketi kitandani, akimweleza mwanamke wa kitanda cha pili habari za seli zenye mikono. Mwanamke huyo alikuwa amekataa kutia sahihi fomu yake ya kukubali upasuaji.

"Mimi nilikaa miezi mitatu nikisikiliza watu," Mama alimwambia, "madaktari wakakuta kansa imeshafika kwapani. Mimi mwenyewe nilimuuliza daktari, akaniambia. Wewe tia sahihi leo."

Habari hiyo ya kwapa, mimi na dada yangu tulikuwa tumekuja tukibishana njia nzima jinsi ya kumwambia.

Yule mwanamke akaomba kalamu, na dada yangu akampa yake.